Bastola kwenye gari huku Marekani: kiunoni, kisandukuni, kwenye buti au kwenye dashibodi?

Ndugu zetu wengi tu huku Marekani siku hizi wananunua bastola, madereva wa malori, manesi wanaotoka shifti usiku wa manane, wenye maduka, na akishanunua tu swali linalofuata ni lile lile, sasa nikiwa kwenye gari naiweka wapi. Nalijibu mapema ili asiye na muda asiondoke mikono mitupu: bastola kwenye gari ina sehemu mbili tu, iko mwilini mwako ndani ya mfuko wake mgumu, au iko ndani ya kisanduku chenye kufuli. Chini ya siti, mfuko wa mlangoni, droo ya dashibodi, kwenye pochi iliyolala siti ya abiria, huko kote umeitelekeza tu hujaihifadhi. Ukishakubali hilo ndo unaanza kuchagua, na kuchagua kwenyewe kunategemea jimbo unaloishi, kazi yako, na kama kuna watoto wanapanda hilo gari.

Kabla ya gari, wewe mwenyewe unaruhusiwa?

Hapa wengi wanaparuka na ndo pabaya kuliko pote. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu aliyeingia kwa visa ya muda, ya shule, ya matembezi, ya kazi, kuwa na silaha au hata risasi. Vipo vighairi vichache, mfano mwenye leseni halali ya kuwinda, ila usiingie huko bila kuongea na wakili kwanza. Asiye na makaratasi asiiguse kabisa, hata ya rafiki, hata kwa picha ya kupost. Mwenye grinkadi anaruhusiwa, mkimbizi aliyepokelewa kihalali kwa kawaida anaruhusiwa, raia anaruhusiwa, mradi hana hukumu ya kosa kubwa la jinai, hana hukumu ya kumpiga mwenza wake hata kama mahakama iliita kosa dogo, na hayupo chini ya amri ya mahakama ya kutomsogelea mwenza. Na bangi jamani. Jimbo lako linaweza kuwa linaiuza dukani na risiti unapewa, lakini sheria ya serikali kuu mtumiaji wa bangi imemweka kwenye orodha ya wasioruhusiwa silaha.

Kuna jambo wauza bunduki hawakwambii kwasababu wao haliwahusu: sheria ya uhamiaji inahesabu hukumu ya kosa la silaha kuwa sababu ya kumrudisha mtu kwao, hata mwenye grinkadi ya miaka mingi mwenye nyumba na watoto wa hapa hapa. Mzaliwa wa hapa akikosea atalipa faini au atatumikia kifungo na maisha yake yataendelea, wewe kwa kosa lile lile unaweza ukajikuta uwanja wa ndege na begi moja. Ndo maana kwenye ulinganisho huu kila nikikuta njia mbili mimi nasimama upande wenye kufuli zaidi.

Majimbo hayafanani hata kidogo

Texas ni jimbo lililolegea. Toka tarehe 1 Septemba 2021 mtu mzima anayeruhusiwa kumiliki silaha anaweza kuibeba bila kibali, na kwenye gari lako mwenyewe bastola ikiwa inaonekana lazima iwe kwenye holista, yani ule mfuko wake, sio imelala uchi juu ya siti. Mwajiri wa Texas pia kwa kawaida hawezi kumkataza mfanyakazi kuacha silaha yake halali ndani ya gari lililofungwa paking ya kazini, ingawa kuna sehemu hilo haligusi. Ohio nako tangu Juni 2022 kibali sio lazima kwa mwenye miaka 21 na kuendelea. Georgia pia mwaka ule ule. South Carolina ilipojiunga Machi 2024 majimbo ya namna hii yakafika 29.

Minnesota ambako tuna watu wengi sana ni habari nyingine. Kubeba unahitaji kibali cha sherifu, unapita mafunzo kwanza, kinadumu miaka 5, na wanampa raia au mwenye grinkadi. Huna kibali? Bastola iende haina risasi ndani, ikiwa kwenye mfuko au kisanduku kilichofungwa. Ukikuta mtu wa Dallas kule Texas anakushauri wewe wa Minneapolis hapa Minnesota "wewe iweke tu hapo karibu" ujue anakupeleka jela bila kukusudia.

Pale ninapopaogopa zaidi ni Washington DC na vitongoji vyake, Virginia upande huu na Maryland upande ule, maana watu wetu wanaishi Virginia wanafanya kazi DC wanasali Maryland, mipaka mitatu kwa siku moja na hakuna hata kizuizi cha barabarani kinachokwambia umevuka. Virginia inakuruhusu bila kibali kuwa na bastola kwenye gari lako binafsi ikiwa imehifadhiwa ndani ya chombo au sehemu ya gari inayofungika. Umevuka daraja la mto Potomac umeingia DC, kule wanataka silaha isajiliwe kwao na kibali kiwe cha kwao. Umeingia Maryland, hawatambui kibali cha jimbo lolote lingine. Bastola ile ile, gari lile lile, dakika kumi mbele umeshakuwa mhalifu. Kwa anayeishi eneo hilo na hana vibali vyote vya huko anakopita, jibu langu ni kwamba siku ya kuvuka ibaki nyumbani kwenye sefu, na kama kuna safari halali inayolazimu kuisafirisha basi iende buti, haina risasi, imefungwa kwa kufuli.

Hata ukiwa kwenye jimbo lisilodai kibali, mimi bado nakushauri ukichukue. Sababu ya kwanza ni kwamba kuna majimbo mengine yatakitambua, sababu ya pili ni shule. Kuna sheria ya serikali kuu inayokataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, kama mita 300 hivi, na mojawapo ya misamaha yake ni kuwa na leseni iliyotolewa na jimbo hilo lenye shule. Anayebeba bila kibali kwasababu tu jimbo halidai, msamaha huo hana mkononi, anabaki na ule mwingine wa silaha isiyo na risasi ndani ya kisanduku chenye kufuli. Sasa mzazi anayepeleka watoto kila asubuhi, au hata anayepita tu mtaa wenye shule, afikirie.

Sasa tulinganishe sehemu zenyewe

Kiunoni ndani ya holista. Faida yake kubwa ni kwamba bastola inaenda unapoenda, ukishuka kujaza mafuta umeshuka nayo, haikai peke yake garini ikisubiri mwizi. Ikitokea ajali haitarukaruka ndani ya gari. Na huishikishiki, kwasababu jamani risasi nyingi za bahati mbaya zinatoka pale mtu anapoitoa na kuirudisha, anaingia garini anaitoa kiunoni anaiweka kwenye droo, akifika anaitoa droo anairudisha kiunoni, siku moja kidole au kipande cha nguo kinaingia kwenye triga, yani kile cha kufyatulia. Ubaya wake ni kukaa nayo, ukiendesha masaa mengi inachoma nyonga au tumbo, na mkanda wa gari unapita juu yake, kwa hiyo unatakiwa uzoee kufunga mkanda huku shati likiwa limekaa vizuri. Holista iwe ngumu na ifunike triga yote, ile mifuko laini ya kitambaa ya bei rahisi inakunjika na haifai. Njia hii ni ya mwenye kibali, au aliye jimbo lisilodai kibali, na anayekwenda sehemu ambazo akishuka nayo hakuna tatizo.

Kisanduku chenye kufuli kilichofungwa kwenye gari. Hiki ndo nawapendekezea wengi wetu. Vipo vidogo vya waya wa chuma unaouzungushia kwenye chuma cha siti, dola 30 mpaka 60 hivi unapata, na vipo vya kufunga kwa nati ndani ya sehemu ya katikati ya siti, hivyo vinaanzia kama dola mia mbili na kupanda. Vya waya vinamzuia mtoto na vinamzuia kibaka wa kunyakua na kukimbia, ila mwizi mwenye mkasi wa vyuma ataukata waya, kwa hiyo usivitegemee kulala na bastola garini. Vya nati ni imara zaidi. Kwenye kufungua, mimi napenda namba za kubonyeza za kimakenika au funguo. Alama ya kidole inagoma vidole vikiwa na maji au jasho, na betri kwenye baridi la Minnesota la Januari zinakufa wakati ambao hujui. Ukitaka kuiweka ndani usiitoe kwenye holista, vua holista nzima na bastola ikiwa ndani yake, iingize yote kama ilivyo, triga haijaguswa na kitu.

Colorado wamekwenda mbali wakaliandika kwenye sheria, tangu Januari 2025 bastola ikiachwa kwenye gari lisilo na mtu lazima iwe ndani ya chombo kigumu kilichofungwa kwa kufuli, isionekane, na gari lenyewe liwe limefungwa. Mi naona hiki ndo kipimo cha kila jimbo hata kama sheria yao haisemi.

Buti, haina risasi, ndani ya kesi ya kufuli, yani sanduku la kubebea bastola. Kama lengo lako ni kujilinda njiani, hii haikusaidii, tuseme ukweli. Lakini kwa kwenda kwenye viwanja vya kulenga shabaha, kuhama nyumba, au kuvuka majimbo, hakuna njia salama kisheria kuizidi hii. Risasi nazo ziwe kwenye buti, mbali na siti. Wenye SUV na pikapu na vani ambazo hazina buti iliyotengwa, kesi lazima iwe na kufuli na sheria ya serikali kuu ya safari za kuvuka majimbo, ile ya 1986 nitakayoieleza huko chini, inasema wazi kwamba droo ya dashibodi na ile sanduku ya katikati ya siti havihesabiki kuwa kesi yenye kufuli.

Droo ya dashibodi. Naijua inapendwa sana, na ndo naomba watu waiache. Fikiria polisi kakusimamisha, anakuomba leseni na bima na kadi ya gari, karatasi zako ziko wapi? Ziko mule mule. Unanyoosha mkono, unafungua, polisi anaona bastola na mkono wako uko hapo. Hakuna sekunde mbaya kuliko hiyo. Alafu mwizi akivunja kioo cha gari droo ndo ya kwanza kufunguliwa. Gari ni sehemu inayoongoza kwa bunduki kuibiwa nchi hii, na hiyo bastola iliyoibiwa inaenda kumuua mtoto wa mtu mtaani.

Chini ya siti bila kufuli sitaki hata kuiweka kwenye mashindano. Aprili 2016 mjini Milwaukee mama mmoja alikuwa anaendesha kwenye barabara kuu, bastola ikateleza kutoka chini ya siti ya dereva ikaenda nyuma, mtoto wake wa miaka 2 akaiokota, ikafyatuka ikampiga mama yake mgongoni kupitia siti, akafa. Gari likifunga breki vitu vinasogea, kila mwenye gari anajua hilo, chupa ya maji inatoka nyuma inakuja miguuni. Na sumaku zile za kubandika bastola chini ya usukani ni zile zile, triga iko wazi, ajali ikitokea haijulikani itaruka wapi.

Ukisimamishwa na polisi

Hapa naandika kwa uzito wote kwasababu sisi ni watu weusi na wengine lafudhi yetu inachelewesha kueleweka. Tarehe 6 Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile, mfanyakazi wa jikoni shuleni, alisimamishwa na polisi. Alikuwa na kibali halali. Alimwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha. Polisi akafyatua risasi saba, tano zikampata, akafa, mchumba wake na mtoto mdogo wakiwa ndani ya gari. Mwaka uliofuata polisi yule aliachiwa huru na mahakama. Alifanya kila alichoambiwa mwenye kibali afanye, na bado.

Kwa hiyo sehemu unayoweka bastola ipimwe pia kwa swali hili: nikisimamishwa, mkono wangu utahitaji kwenda karibu nayo? Iliyo kiunoni na waleti iko mfuko wa nyuma upande ule ule ni tatizo, hamishia waleti upande mwingine au weka leseni kwenye kile kizuizi cha jua kilicho juu ya kioo cha mbele pamoja na bima. Iliyo kisandukuni chini ya kufuli, mbali na karatasi, ndo inakupa utulivu mkubwa. Zima gari, washa taa ya ndani kama ni usiku, shusha kioo, mikono juu ya usukani vidole vimefunguka, na usisogee mpaka uambiwe. Usiiguse kumwonyesha, hata akiuliza iko wapi wewe jibu kwa mdomo tu.

Kusema au kutosema nako kunatofautiana. Michigan na North Carolina mwenye kibali anatakiwa aseme mwenyewe bila kuulizwa. Ohio na Minnesota unatakiwa kujibu ukweli ukiulizwa. Texas mwenye leseni anatakiwa kuionyesha pamoja na kitambulisho polisi anapokiomba. Soma ya jimbo lako na ya kila jimbo unalopita, na maneno yenyewe yafanyie mazoezi kwa Kiingereza nyumbani: anza na kibali, "nina kibali cha kubeba, mikono yangu iko hapa, ungependa nifanye nini", neno bunduki lisiwe la kwanza kutoka mdomoni.

Safari ndefu

Sheria ya mwaka 1986 ya serikali kuu inamlinda msafiri anayepita jimbo lenye masharti makali, kama anakotoka anaruhusiwa na anakoenda anaruhusiwa, na bastola haina risasi, na yenyewe na risasi zake hazifikiki kutoka siti za abiria. Ni ulinzi wa kupita, sio wa kukaa. Ukilala hoteli, ukimtembelea binamu siku mbili, unaanza kuhesabiwa na sheria za pale pale. Na kuna majimbo polisi atakukamata kwanza alafu hayo ya 1986 utamweleza jaji.

Mwaka 2013 mama mmoja wa Pennsylvania mwenye kibali cha kwao aliingia New Jersey na bastola, akasimamishwa, akamwambia polisi mwenyewe kwamba anayo na kibali hiki hapa. New Jersey hawatambui kibali kile. Akashtakiwa kwa kosa lenye kifungo cha lazima cha miaka, mama wa watoto hana rekodi yoyote, mpaka gavana Chris Christie alipomsamehe Aprili 2015. Yeye alikuwa raia. Angekuwa na grinkadi kesi ya uhamiaji ingekuwa inamsubiri pembeni.

Wale wa Detroit na Buffalo, Kanada hamwendi nayo kabisa, na El Paso na San Diego, Mexico vile vile. Kagua gari zima kabla ya kupanga foleni ya mpaka, hata risasi moja iliyoangukia chini ya zulia.

Nani achague nini

Dereva wa Uber au Lyft: kampuni zote mbili zinakataza silaha kwenye gari wakati wa kazi, hata kibali ukiwa nacho, kwa hiyo iache nyumbani, akaunti ikifungwa ndo mkate umeondoka. Dereva wa lori la kampuni soma mkataba wako kwanza, na wewe unayevuka majimbo manne kwa siku sioni njia nyingine zaidi ya kuiacha, au kuifuata ile ya 1986 neno kwa neno.

Nesi: jua paking ya hospitali ni ya nani. Hospitali za maveterani, yani waliowahi kuwa wanajeshi, ni mali ya serikali kuu na silaha hairuhusiwi kwenye eneo lao lote. Sehemu nyingine kama sheria ya jimbo inaruhusu kuiacha garini, kisanduku cha nati ndo chako, na kiwe kimeshafungwa kabla hujafika paking, usikifungue pale watu wanapopita wanakuona unaweka nini.

Mzazi mwenye watoto garini, bila mjadala, kiunoni kwenye holista ngumu au kisanduku cha kufuli, na namba za kufungulia watoto wasizijue hata yule mkubwa unayemwamini. Kama hujafikia kuwa na uhakika na mojawapo kati ya hayo mawili, bado hujawa tayari kuitembeza, iache kwenye sefu ya nyumbani wakati unaendelea na mafunzo.

Anayekunywa bia mbili tatu weekend, siku hiyo haitoki nyumbani.

Na yoyote utakayoichagua, leo hii andika namba ya utambulisho ya bastola yako (serial number), zile tarakimu zilizochongwa kwenye chuma, zihifadhi sehemu tofauti na gari pamoja na risiti. Ikiibiwa polisi watakuuliza hiyo namba kabla ya kitu kingine chochote, na kuna majimbo yanakutaka uripoti wizi ndani ya muda maalumu. Bila namba hiyo, siku ikija kukutwa kwenye tukio la mauaji, itakuwa wewe unayeeleza ilikuwa wapi.